Kujifunza Kifaransa bila mwalimu: Tuchague nyenzo gani, na tufuate njia ipi?

Miongoni mwa mambo yaliyoletwa mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Shume ni ombi la vijana kadhaa waliotaka kutumia chumba cha madrasa, baada ya swala ya Isha, kujifunza lugha ya Kifaransa. Mwalimu hawakuwa naye. Walichokuwa nacho ni simu mbili, daftari kwa kila mmoja, na kitabu kikuukuu kilichokosa jalada.

Ombi hilo lilizua mjadala mrefu. Baadhi ya wazee waliuliza vipi chumba kilichojengwa kwa ajili ya Qur'ani kitumike kwa lugha ya Wafaransa, ilhali wapo watoto ambao hawajamaliza Juzuu Amma. Kina mama waliihofia simu: kijana akisema anasoma lugha usiku, nani atajua anatazama nini? Wengine walisema kwamba Kifaransa hakimfai mtoto wa mkulima wa viazi na kabichi, na kuwa heri alale mapema apate nguvu ya kushika jembe asubuhi. Vijana nao walikuwa na hoja zao. Mmoja hutembeza wageni katika msitu wa Magamba, na kila mara hukutana na Wafaransa na Wabelgiji asioweza kuwaambia neno. Mwingine hufuatana na magari ya mboga yanayoteremka Soni na Mombo kwenda Dar es Salaam, na huko amefahamiana na wafanyabiashara wa Kongo. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita anatafuta nafasi ya masomo ya juu.

Baada ya kuzisikiliza pande zote, kamati iliruhusu kwa masharti tutakayoyataja mbele. Hata hivyo ruhusa peke yake haikujibu swali kubwa zaidi, ambalo tunaamini linazihusu familia nyingi mbali na Shume: ikiwa mwalimu hapatikani, mtu ajifunze kwa kitu gani, na kwa njia gani, ili muda na fedha zake chache zisipotee bure? Makala haya ni jawabu tulilolikusanya.

Lugha ya nani?

Tuanze na hoja ya wazee, kwa kuwa ni ya haki. Kifaransa kiliingia Afrika pamoja na ukoloni, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini leo ni lugha ya mamilioni ya Waislamu. Ni lugha mojawapo rasmi ya Komoro, ndugu zetu wa visiwani ambao lugha yao inakaribiana sana na Kiswahili, na ya Djibouti. Senegal na Guinea, nchi zenye Waislamu wengi na wanazuoni mashuhuri, huendesha shughuli za serikali kwa lugha hiyo. Karibu zaidi na sisi, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hukitumia Kifaransa katika ofisi na mahakama. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya hiyo imeridhia Kifaransa kuwa lugha yake rasmi pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Hapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hukitumia katika kazi zake.

Katika historia ya dini yetu, kujifunza lugha ya watu wengine kwa sababu ya haja si jambo geni. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na mtu anayeaminika, na Zayd akayamudu kabla nusu mwezi haujapita. Huyo ndiye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kukusanya Qur'ani katika zama za Abu Bakr (R.A.). Kujua maandishi ya wengine hakukumpunguzia kitu.

Katika zama zetu, Dk. Muhammad Hamidullah, aliyezaliwa Hyderabad, India, mwaka 1908 na kufariki mwaka 2002, aliishi Paris kwa miaka mingi na kuitafsiri Qur'ani kwa Kifaransa. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1959, na Waislamu wengi wanaozungumza Kifaransa wameisoma. Amadou Hampâté Bâ wa Mali, mwanafunzi wa mwanachuoni Tierno Bokar, aliandika maisha na mafundisho ya sheikh wake kwa Kifaransa, na kwa njia hiyo dunia ikamjua mwalimu aliyefundisha katika mji mdogo wa Bandiagara. Watu hawa waliitumia lugha ya kigeni, na lugha hiyo haikuwageuza.

Nia kabla ya kitabu

Aghalabu anayetaka kujifunza lugha huanza kwa kutafuta kitabu au programu iliyo bora. Sisi tunaona aanze kwa nia. Lugha ni pana mno, na nyenzo inayomfaa mmoja humchelewesha mwingine.

Kijana anayetembeza wageni anahitaji masikio na ulimi. Maneno yake ni ya njia, miti, ndege, hali ya hewa, bei, umbali na usalama. Anaweza kuanza kazi akiwa na sentensi 200 alizozimudu vizuri. Huyu asianze na kitabu kikubwa cha sarufi.

Mfanyabiashara anayeshughulika na Wakongo yuko katika hali nyingine. Mtu wa Goma, Bukavu au Lubumbashi anazungumza Kiswahili, hivyo salamu na mapatano yatakwenda. Kifaransa huingia pale inapotajwa hesabu, tarehe na karatasi. Wakongo wengi, hata wakiwa katikati ya Kiswahili, hutaja bei kwa Kifaransa. Ankara huitwa *facture*, forodha ni *douane*, na risiti ni *reçu*. Huyu anahitaji kuzisoma nyaraka na kuzisikia tarakimu haraka. Ajihadhari pia na jambo moja ambalo vitabu vya Paris havitamwambia. Mfaransa husema 70 kwa kuunganisha sitini na kumi, *soixante-dix*, na 90 kwa *quatre-vingt-dix*, yaani mara nne ishirini na kumi. Mkongo na Mrundi, kwa athari ya Wabelgiji, husema *septante* na *nonante*. Anayejua hesabu za Paris tu anaweza kupotea katika bei ya mzigo.

Mwanafunzi anayetaka chuo anahitaji njia ya tatu, iliyo ndefu zaidi. Baraza la Ulaya liliweka mwaka 2001 ngazi sita za kupimia lugha: A1 na A2 za mwanzo, B1 na B2 za kati, C1 na C2 za juu. Shahada inayotambuliwa na serikali ya Ufaransa huitwa DELF kwa ngazi nne za kwanza na DALF kwa mbili za juu, na ukishaipata haina tarehe ya kwisha. Vyuo vingi vya Ufaransa huanzia B2. Mtihani wa DELF hupima mambo manne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila kimoja kwa alama 25. Kufaulu ni alama 50 kati ya 100, na usipungue alama 5 katika sehemu yoyote. Kwa hiyo anayesoma vitabu tu bila kufungua kinywa ataanguka hata akiwa hodari wa sarufi.

Mzazi, kabla ya kutoa fedha muulize mwanao: unataka Kifaransa cha kufanyia nini? Akishindwa kujibu, mpe wiki moja afikiri.

Mtoto wa madrasa haanzii sifuri

Jambo lililotufurahisha zaidi katika kuwafuatilia vijana wetu ni kuona kwamba aliyesoma madrasa vizuri tayari anayo mengi ya kumsaidia, ila hakuna aliyemwambia.

Chukueni herufi R. Wanafunzi wengi huhangaika nayo, kwa kuwa Mfaransa haitamki kwa ncha ya ulimi kama sisi. Huitoa nyuma, karibu kabisa na mahali inapotoka ghayn. Aliyefundishwa makharij na kuzoea kutamka *lugha*, *ghali* na *ghafla* sawasawa ana sauti hiyo kinywani. Aisome *Paris* kana kwamba katikati pana ghayn nyepesi, na S ya mwisho asiitamke, naye atakuwa amekaribia sana.

Zipo pia irabu zinazopita puani, kama katika *bain*, *banc* na *bon*, yaani bafu, benchi na zuri. Herufi N imeandikwa lakini ulimi haugusi juu. Sauti hubaki puani. Mwenye kujua hukumu ya ikhfa katika tajwidi anafahamu jambo linalofanana na hilo: nuni husitirika, ghuna ikabaki. Si sauti ile ile, lakini sikio lililozoea ikhfa hupambanua upesi zaidi.

La tatu ni herufi zinazolala mwishoni mwa neno na kuamka zikiunganishwa. *Petit*, yaani kidogo, haitamkwi T yake. Likija neno linaloanza na irabu, kama *petit enfant*, T husikika. Nani kati yetu asiyejua jambo hilo? Tunasema *rahma* tukisimama, na tunasema *warahmatullahi* tukiunganisha. Ta ile ile iliyonyamaza imepata sauti.

Kadhalika jinsia za maneno. Mwanafunzi wa nahau anajua mudhakari na muanathi, kwa hiyo hashangai kuambiwa kwamba meza ni ya kike. Lakini asikisie kwa Kiarabu. Katika Kiarabu jua, *shams*, ni muanathi, na mwezi, *qamar*, ni mudhakari. Katika Kifaransa ni kinyume: *le soleil* ni la kiume na *la lune* ni wa kike. Dawa ni moja: kila neno lihifadhiwe pamoja na *le* au *la* yake tangu siku ya kwanza. Anayehifadhi *lune* peke yake amehifadhi nusu ya neno.

Sauti moja haimo katika Kiarabu wala Kiswahili, nayo ni U ya *tu*. Weka ulimi kama unayesema *i*, kisha duarisha midomo kama unayesema *u*, bila ulimi kusogea. Fanya hivyo kila siku mbele ya kioo. Asiyeitofautisha *tu* (wewe) na *tout* (yote) ataeleweka vibaya.

Nyenzo, na kazi ya kila moja

Sasa tuzipitie nyenzo zenyewe. Kanuni tuliyoifikia ni kwamba mtu achague chache, kila moja kwa kazi yake, asizibadili kila mwezi. Tumeona vijana wenye programu sita katika simu ambao hawawezi kujitambulisha.

Ya kwanza ni kitabu kimoja chenye sauti. Kitabu ndicho uti wa mgongo, kwa sababu kina mwanzo na mwisho, na hakihitaji bando. Lakini kisiwe kitabu kisicho na sauti. Katika madrasa tunafahamu kwamba Qur'ani huchukuliwa kutoka kinywa cha mwalimu, na haichukuliwi kutoka katika msahafu peke yake. Kifaransa kina haja kubwa zaidi ya jambo hilo kuliko lugha inayoandikwa kama inavyosemwa. Vitabu vya Assimil, shirika lililoanzishwa mwaka 1929, vimejengwa juu ya mazungumzo mafupi ya kila siku pamoja na sauti zake. Asiye na fedha aitafute kozi ya zamani iliyotungwa na taasisi ya serikali ya Marekani inayowafunza wanadiplomasia, ambayo kitabu na sauti zake hupatikana bure. Mazoezi yake yanachosha kwa marudio, na marudio hayo ndiyo yanayoufundisha ulimi.

Ya pili ni masomo ya kusikiliza yanayopakuliwa mara moja. Language Transfer inayo masomo ya bure ya utangulizi wa Kifaransa, ambamo mwalimu humwongoza mwanafunzi aunde sentensi mwenyewe. Yanafaa kwa anayepalilia au anayesubiri gari, kwani hayahitaji macho. Upungufu wake kwetu ni kwamba maelezo ni ya Kiingereza, na huo ni upungufu wa nyenzo nyingi. Asiyemudu Kiingereza atafute njia ya Kiarabu. Duolingo, kwa mfano, hufundisha Kifaransa kwa Kiarabu pia.

Ya tatu ni hiyo programu yenyewe ya Duolingo na zinazofanana nayo. Zinavutia, zinahesabu siku, na zinampa mtoto moyo. Tunazikubali kwa dakika kumi za siku, zisizidi. Hazimfundishi mtu kujibu swali la ghafla, na anaweza kupanda ngazi nyingi kwa kugusa maneno bila kutamka lolote. Kwa kuhifadhi msamiati tunaipendelea zaidi Anki, programu ya kadi ambayo katika simu za Android ni ya bure. Neno unalolisahau hulirudisha kesho. Unalolijua hulirudisha baada ya siku nyingi. Hii si fikra mpya kwetu. Ni murajaa. Hafidhi huirudia sura mpya kila siku, na ya zamani kwa zamu. Asiye na simu akate karatasi na aziweke katika bahasha tatu: ya kila siku, ya kila Ijumaa na ya kila mwezi. Matokeo yatakaribiana.

Ya nne ni redio. RFI, idhaa ya kimataifa ya Ufaransa, ina matangazo ya Kiswahili tangu mwaka 2010, na pia ina taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, ambayo maandishi yake hutolewa. Mwanafunzi aisikilize habari kwa Kiswahili kwanza, kisha aisikilize kwa Kifaransa chepesi. Akijua tayari kilichotokea, maneno huanza kujieleza. Hii ni ya mtu aliyekwisha kuvuka A1. Anayeanza ataona kelele tu. Tovuti ya TV5MONDE nayo ina mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi, na humwezesha mtu kujua alipo.

Ya tano ni kamusi. Kamusi mashuhuri ya Kiswahili na Kifaransa ni ya padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, iliyoanza kuchapwa Paris mwaka 1939. Ni bahari ya maneno ya pwani na lahaja zake, na mtafiti wa Kiswahili ataifurahia. Lakini kwa anayetaka kuuza karoti ni nzito na ya zamani. Anayeanza ajitengenezee kamusi yake katika daftari, neno kwa neno, kila neno ndani ya sentensi. Baada ya mwaka, kamusi hiyo itamfaa kuliko ya dukani.

Ya sita, iliyo bora kuliko zote, ni mtu. Hata anayejifunza mwenyewe anahitaji wa kumsikiliza. Dereva aliyeishi Bujumbura, mwalimu aliyesoma Kifaransa chuoni, mgeni anayepita Lushoto: yeyote atakayekubali kusikiliza kwa robo saa na kusahihisha. Mwenye uwezo wa kusafiri, Alliance Française ipo Dar es Salaam na Arusha, na huko ndiko pa kuulizia mitihani ya DELF. Aliye shuleni akumbuke kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania hutahini Kifaransa katika kidato cha nne na cha sita.

Hesabu ya muda

Taasisi ile ya Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji kati ya saa 600 na 750 za darasani ili afanye kazi kwa Kifaransa. Tuipige hesabu hiyo kwa maisha ya Shume. Nusu saa kwa siku ni kama saa 180 kwa mwaka, kwa hiyo safari ni ya miaka mitatu hadi minne. Lakini ngazi ya A1, ambayo walimu wengi huikadiria kwa saa 60 hadi 100, hufikiwa kwa nusu saa hiyo hiyo ndani ya miezi minne hadi saba. Tumeandika hesabu hii ili mzazi asikate tamaa mapema, wala kijana asijidanganye.

Ratiba tuliyoipendekeza imefuata nyakati za swala. Baada ya Alfajiri na nyiradi, dakika 15 za murajaa kwa sauti. Shambani, kusikiliza somo moja lililopakuliwa, nalo lirudiwe mpaka lizoeleke. Baada ya Isha, dakika 15 za somo jipya. Siku tatu kwa wiki ni za kikao cha pamoja, ambapo kila mmoja huzungumza mbele ya wenzake alichojifunza bila kutazama daftari. Mwezi wa Ramadhani, masomo mapya yasimame na murajaa peke yake ibaki, kwani mwezi huo una kazi yake.

Tahadhari kwa wauzaji wa miujiza

Yupo mzazi katika vijiji vya jirani aliyeuza mbuzi wawili kulipia kozi ya mtandaoni iliyoahidi kwamba mwanawe angezungumza Kifaransa kwa siku 30 na kutafutiwa kazi Ulaya. Alipewa mafaili ya sauti yanayopatikana bure, na cheti chenye muhuri mzuri kisichotambuliwa popote. Ile namba ya simu haipokelewi tena.

Tunawausia wazazi mambo matatu. Kozi inayoahidi umahiri kwa siku 30 ni ya kuachwa. Cheti kisichokuwa cha mtihani unaojulikana, kama DELF au ule wa Baraza la Mitihani, kisinunuliwe. Na mtu anayeunganisha somo la lugha na ahadi ya kazi ya nje, kisha akaomba pasi ya kusafiria au picha za binti, aripotiwe kwa serikali ya kijiji na polisi kabla ya kupewa hata shilingi moja. Fedha za mbuzi wawili zinapatikana tena kwa jasho, lakini binti aliyepelekwa kusikojulikana harudishwi kwa urahisi.

Masharti, na wajibu wa familia

Masharti ya kamati yalikuwa manne. Darsa la Qur'ani lisipunguzwe hata dakika moja, na asiyehudhuria darsa asiingie katika Kifaransa. Simu ziwekwe juu ya meza, sauti ikitoka kwa spika ili wote wasikie. Mabinti wakutane Alasiri pamoja na mama mmoja anayeaminika. Na kila aliyetangulia amfundishe aliye nyuma yake, kwani anayefundisha huhifadhi mara mbili.

Nyumbani, mzazi asiyejua neno la Kifaransa bado anaweza kusaidia. Amwambie mwanawe kila jioni: nisomee ulichojifunza leo, kisha unieleze maana yake kwa Kiswahili. Mtoto akigugumia, mzazi atajua. Baba zetu wengi walitusimamia katika hifdhi kwa njia hiyo hiyo, ilhali wengine wao hawakuwa mahafidhi.

Lipo pia suala la adabu. Kifaransa kina *tu* kwa rafiki na mtoto, na *vous* kwa mkubwa na mgeni. Kijana aliyelelewa kusema shikamoo hatapata taabu kuelewa. Ajizoeze *vous* kwanza, na kila neno alitangulize kwa *bonjour*, kwani kwao nao kuingia dukani na kuuliza bei bila salamu ni utovu wa adabu.

La mwisho ni lugha zetu wenyewe. Milima hii ina Kisambaa, na ina Kimbugu, ambacho wataalamu wa lugha hutoka mbali kuja kukichunguza. Itakuwa hasara kumwona kijana anayejivunia *bonjour* huku bibi yake akimwambia *onga makeo* naye hajui la kujibu. Surat Ar-Rum imetaja kutofautiana kwa ndimi zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na ulimi wa bibi umo ndani ya ishara hizo sawa na ulimi wa Mfaransa. Aliye na lugha ya kwao, ya ibada yake na ya nchi yake, kisha akaongeza nyingine, amezidisha. Aliyeacha moja ili apate nyingine amebadilisha tu, na huenda amepunjika.

Tunamuomba Allah (S.W.) azijaalie familia zetu elimu yenye manufaa, awape vijana wetu subira ya kuanza na ya kumaliza, na awalinde na kila mwenye kuwatakia shari kwa jina la elimu. Wabillahi tawfiq.